Hodi za Wa Nane

Swali lenyewe ni dogo, na ukilisikia unaweza kulipuuza: mtu aliyepiga hodi asiitikiwe, yuko wapi? Nje hayuko, maana sauti yake imeshaingia. Ndani hayuko, maana hajakaribishwa. Amebaki pale katikati, kwenye unene wa mlango, na unene wa mlango si mahali pa kukaa binadamu. Swali hili lilikuwa likimtafuna Kidawa kwa miaka tisa. Alilala nalo, akaamka nalo, akaenda nalo kazini pamoja na chakula chake cha mchana. Wenye elimu zao wangemcheka, kwani wao walikuwa na maswali mapana zaidi: nani wa kwanza, nani wa pili, nani amerusha jiwe likakataa kurudi. Kidawa aliwaachia yao. Kazi yake ilikuwa kusikiliza.

Nchi aliyokuwa akiishi ilikuwa na jina, ila kila mgeni aliyefika alilitamka alivyotaka, mpaka wenyeji wakachoka kusahihisha watu na jina likapotea kwa sababu ya adabu. Ilikuwa nchi ya uwanda wa mawe meupe, jua linapiga kutoka juu na linapiga kutoka chini. Katikati ya uwanda lilisimama Sikio. Lilikuwa sinia la chuma lenye upana wa nyumba nne, limenyanyuliwa kwa miguu, linatazama juu mchana na usiku bila kupepesa. Ng'ombe walilipenda kwa kivuli chake. Chini yake palikuwa na kibanda, na ukutani mwa kibanda palikuwa na saa mbili: moja ilifuata wakati wa Wenye Chuma, nyingine wakati wa Wenye Kioo. Moja ikisema watu wanakunywa chai ya asubuhi, ya pili inasema wameshalala. Saa ya nchi yenyewe haikuwapo. Waliofanya kazi humo wakitaka kujua wakati walitoka nje wakatazama kivuli.

Hao Wenye Chuma na Wenye Kioo ndio waliokuwa wakubwa wa dunia, nao walikuwa hawaelewani. Waligombana kwa muda mrefu hadi chanzo cha ugomvi kikasahaulika, ukabaki ugomvi wenyewe, mzima, unene wake uleule. Ardhi ilipowaishia wakahamia juu. Wenye Chuma wakarusha mpira uliokuwa ukilia tii, tii, tii, na Wenye Kioo wakakosa usingizi kwa mwezi mzima. Kisha ukarushwa mbwa. Kisha mtu. Wenye Kioo nao wakarusha wa kwao, akaruka kidogo akashuka, wakamshangilia hivyohivyo ili roho zitulie. Na mbingu, ambayo tangu zamani haikuwa ya mtu, ikawa na foleni. Kidawa alipokuwa mdogo alikuwa akitazama juu bila kufikiria kitu chochote. Siku hizi alikuwa hawezi. Ukitazama juu unajiuliza ni nani anakutazama, na ukishajiuliza hivyo umeshaingia kwenye ugomvi wa watu bila kualikwa.

Kila upande ulikuwa na mila zake. Wenye Kioo walimtangaza mtu wao hata kabla hajapanda, picha yake ikabandikwa kwenye mikebe ya biskuti, mke wake akahojiwa anapenda kupika nini. Wenye Chuma walifanya kinyume. Kwao anayerushwa alivuliwa jina akapewa namba, na jina lake likafungiwa kabatini. Akirudi mzima, kabati lilifunguliwa, jina likapigiwa mizinga, likapewa shule na barabara. Asiporudi, kabati halikufunguliwa, na mama yake aliambiwa mwanawe amehamishwa kikazi. Ndiyo maana waliosikiliza angani walijua namba tu. Walikuwapo wa Kwanza na wa Pili, waliorudi. Walikuwapo wa Tano na wa Sita, ambao hakuna aliyewaulizia.

Sikio lilikodiwa na Wenye Kioo, na sheria zake zilipigiwa misumari mlangoni: Sikia. Andika. Usijibu. Si kwamba haliwezi kujibu. Juu ya meza palikuwa na kinywa, kijidude cha kusemea kisichozidi kikombe, kimefunikwa kifuniko cha bati na kuzibwa kwa nta nyekundu yenye muhuri. Kinywa kilifunguliwa kwa ajili ya watu wa Kioo tu walipopita, na afisa wa Kioo alikuja mwenyewe kukibandua nta. Siku nyingine zote kilikaa pale kimezibwa, na msikilizaji alikaa mbele yake akila kiapo cha kunyamaza kila asubuhi upya.

Siku hiyo Kidawa alifika kazini mchana, kivuli cha Sikio kimejikunja chini ya miguu ya Sikio lenyewe. Alimkuta Machano Vuai, msimamizi wa kituo, akimsubiri kumkabidhi zamu. Machano alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye kufunga vifungo vyote vya shati hata joto likiwa la kukausha mate.

"Habari za zamu, Bwana Machano?"

"Njema tu, Bi Kidawa. Kimya. Tena kimya kile cha kuchosha." Alimpa vile vidude viwili vya kuvaa masikioni, bado vina joto la meza. "Nilinyanyuka mara moja tu kwenda getini, nikakuta hakuna mtu. Ng'ombe watupu."

"Umeandika?"

"Kuandika nini? Ng'ombe?" Akacheka, akaonyesha daftari. Kwenye mstari wa asubuhi aliandika neno moja: Kimya.

Kidawa akakaa. Akavaa vidude vyake. Sauti ya mbingu, kwa asiyeijua, ni kama mchele unaomwagwa taratibu kwenye ungo, na haiishi. Alikuwa ameizoea hadi akawa anaisikia hata nyumbani, na wakati mwingine ilimsaidia kulala. Hakupita muda mrefu, mchele ule ukapasuka katikati, na sauti ya mwanamume ikasema, pole pole, kama mtu anayesoma kwenye kipande cha karatasi:

"Hodi."

Basi. Ikafuata pumzi, nzito, karibu sana, ya mtu aliyevaa kitu kichwani, kitu kinachofanya sauti isitambulike ni ya nani. Kisha mchele ukarudi.

Kidawa alikuwa ameshafungua mdomo. Mwili wa mtu aliyelelewa kwenye nyumba yenye mlango hauulizi ruhusa. Hodi ikipigwa, karibu inapanda yenyewe kooni. Aliimeza ikiwa njiani, ikamuuma kama mfupa wa samaki. Aliijua hodi ile. Yeye ndiye aliyeifundisha.

Ilikuwa zamani kidogo, kabla ya Sikio, wakati yeye ni mwalimu wa darasa la tatu. Mgeni mmoja wa Chuma mwenye koti zito, jasho linamtiririka, alipita shuleni na daftari. Alisema wasafiri wao watapita juu ya nchi zote, nao hawataki kuonekana watu wasio na adabu. Kwa hiyo anakusanya neno moja la mlangoni kutoka kila nchi. Hapa kwenu mtu akifika nyumba ya watu husemaje? Kidawa akamwambia. Akamwambia na utaratibu wake: unapiga hodi ya kwanza, unangoja, ya pili, unangoja, ya tatu. Wenyewe wakisema karibu, unaingia. Wakinyamaza hadi ya tatu, unageuka unakwenda zako bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kunyamaza. Mgeni aliandika yote. Alipofika hapo kengele ikalia, watoto wakatoka mbio, na somo likaishia hapo.

Kidawa akamwita Machano, ambaye alikuwa bado hajaondoka, anatafuta kofia yake. Alipomweleza, Machano alikaa kitako juu ya sanduku la vyuma. Kisha akaenda kwenye simu, akaongea na afisa wa Kioo huko mjini kwa sauti ya chini, akarudi kifungo cha juu kabisa kimemkaba.

"Wanasema hakuna mtu juu."

"Nimemsikia, Bwana Machano."

"Chuma wenyewe wametangaza redioni tangu jana. Chombo walichorusha ni kitupu. Kimebeba mchanga, wa kupimia uzito."

"Mchanga haupigi hodi."

"Najua, jamani, najua!" Machano alijifuta uso. "Na Kioo wanajua vilevile. Wanajua yuko mtu, na wanajua Chuma wamemkana kwa sababu chombo kimeharibika na wao wana sikukuu yao wiki hii. Wanachotaka ni kumsikia mpaka mwisho, waandike, waje kuwaumbua wenzao. Ukimjibu umeharibu ushahidi. Utaonekana ulikuwa unazungumza naye, kwamba sie tuna yetu na Chuma."

"Mpaka mwisho upi?"

Machano akatazama nje, kwa ng'ombe. "Mwisho, Bi Kidawa. Mwisho una majina mangapi?"

Kidawa hakuwa shujaa, na msimulizi huyu hatamvika ushujaa asiokuwa nao. Mkataba alioutia saini ulisema wazi kwamba mwenye kuvunja muhuri atachukuliwa, atahojiwa, na hakuna aliyewahi kurudi kueleza mahojiano yalikuwaje. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, kuku, na maisha ya kimya ambayo hakuyapenda lakini aliyajua. Aliogopa.

"Chombo kinazunguka saa moja na nusu," Machano akasema. "Atapita tena. Hodi hii ilikuwa ya kwanza, siyo? Basi anazo mbili. Ya pili usijibu, nakuomba. Mie nitapiga simu tena, niwabembeleze. Nitawaambia ni mila, wataona haya. Ya tatu utajibu, tena kwa ruhusa."

"Ya tatu."

"Ya tatu. Vuta subira kidogo tu."

Maneno yalikuwa ya busara, na Kidawa akayakubali. Machano akaenda chumba cha simu. Kidawa akabaki na mchele wake wa angani, na swali lake, na saa mbili zilizokuwa zikibishana ukutani.

Sasa ni lazima tuseme habari ya Ameir, kwa sababu hata Kidawa alikuwa anaifikiria, na hatuwezi kumwacha aifikirie peke yake.

Ameir alikuwa mumewe. Miaka tisa nyuma aliondoka asubuhi moja bila kuaga, akajiandikisha na Wenye Chuma waliokuwa wakitafuta watu wa kumwaga zege huko kwenye jangwa lao, mahali wanaporushia. Alikaa miezi miwili bila barua. Siku aliyorudi ilikuwa mchana kama huu. Kidawa alikuwa ndani, ungo mapajani, anachambua mchele. Akasikia sauti ya mumewe mlangoni, inasema hodi, kama mgeni. Hilo la ugeni lilimtuliza na lilimtia hasira kwa pamoja. Akajisemea moyoni: wee, subiri. Uliondoka bila neno, na mimi nina haki ya kunyamaza. Utapiga zote tatu, uzipige huku jua linakuchoma kisogo, na ya tatu ndiyo nitakayoitikia. Alikuwa tayari ameshamsamehe. Hilo ndilo linalouma, alikuwa ameshamsamehe tangu herufi ya kwanza, alitaka tu asamehewe mtu aliyesubiri. Akatoa jiwe moja kwenye mchele. Akasikia hodi nyingine. Akaipanga sauti kooni, akakohoa kidogo, akangoja ya mwisho.

Haikuja. Alingoja mpaka mchele ukaisha kuchambuliwa. Alipotoka, palikuwa na alama za viatu tu, zinakuja na zinarudi, na zile za kurudi hazikuwa za mtu anayekimbia wala mwenye hasira. Ilipita wiki ndipo jirani yake, Bi Jokha, akaja kumuuliza vipi mumewe. "Si alipiga hodi hapa uzioni, mie naanika nguo. Nikamwambia pita ndani, mwenyewe yumo." Kidawa akakaa chini palepale. Hodi ya kwanza ilianguka uzioni. Aliyoiita ya kwanza ilikuwa ya pili, na aliyoiita ya pili ilikuwa ya tatu, na Ameir alikuwa ameshika adabu kama alivyofundishwa na mama yake, akageuka akaenda zake bila kinyongo. Wengine walisema alirudi kwa Wenye Chuma. Wengine walisema hawajui. Kidawa alitafuta kazi ya kusikiliza, akaipata.

Ndiyo maana swali lake lilikuwa hilo na si jingine. Wakubwa wanauliza nani amefika. Yeye aliuliza nani amemwona mwenzake akifika. Aliona, katika mchana ule mrefu, kwamba nguvu zote za wakubwa hao ni hiyo tu: uwezo wa kukaa ndani na kunyamaza. Kurusha chuma si kitu, mtu yeyote mwenye hasira na moto wa kutosha atarusha chuma. Kumwacha mtu mlangoni, na kumwambia kwamba hayupo, na yeye akaamini, hapo ndipo pana ufalme. Na mfalme mdogo kuliko wote alikuwa mwanamke mwenye ungo mapajani. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga.

Kivuli cha Sikio kikaanza kujinyoosha. Na mchele ukapasuka.

Safari hii sauti haikuanza na hodi. Ilikuja katikati ya maneno, kwa lugha ya Chuma, ambayo Kidawa alifundishwa kwa miezi sita ili aweze kuiba maneno yao. Ilikuwa sauti ya mtu anayejisemea.

"...wa Nane. Wa Nane anaita. Saa yangu imesimama. Imesimama lini, sijui, saa ndiyo ingeniambia. Dirisha lina ukungu. Ni pumzi zangu. Nimejizibia kwa kupumua. Chini kuna cheupe. Jana kulikuwa na cheupe. Au jana ndiyo hii. Nilihesabu jua likichomoza, nikafika tisa, nikakuta bado ni siku moja. Nyumbani hawaitikii. Nimewaita kwa namba yangu, nimewaita kwa namba zao, nimewaomba radhi kwa kosa nisilolijua. Nilikuwa na jina. Limo kabatini. Kuna mahali mtu ananijua, lakini si huku juu. Tangu wanyamaze napiga hodi kwenye nyumba za watu. Nikijibiwa nitajua niko juu ya nani. Nikijua niko juu ya nani, nitajua pa kuwasha moto wa kurudi. Moto ni mmoja. Nikiuwasha pasipo, nitakwenda moja kwa moja, huko kusiko na mlango. Sina hasira. Nilifundishwa. Mara tatu, halafu unaondoka."

Akavuta pumzi. Kidawa naye akavuta, bila kujua.

"Hodi."

Ya pili, Kidawa akajiambia. Hii ni ya pili. Nimeahidi. Machano yuko kwenye simu, anawabembeleza, imebaki moja. Akajipanga kooni, akakohoa kidogo.

Na kile kikohozi ndicho kilichomshtua. Alikijua. Kilikuwa kikohozi chake mwenyewe cha miaka tisa nyuma, kimekuja na mahali pake, na ungo wake, na jiwe moja lililotolewa kwenye mchele. Hodi haina namba. Ya kwanza na ya tatu ni neno lilelile, anayejua ni ya ngapi ni yule aliyesimama nje tu. Akamkumbuka Bi Jokha na nguo zake. Na nyuma ya Bi Jokha, akaja Machano na kofia yake, anacheka: nilinyanyuka mara moja tu kwenda getini, nikakuta hakuna mtu.

Asubuhi ile vidude vya masikioni vilikuwa juu ya meza; alipompa vilikuwa na joto la meza, si la masikio. Machano hakuwa amevivaa. Alisikia hodi ikitoka mezani, akadhani ni ya getini, akafanya ambacho mtu yeyote wa nchi hiyo angefanya. Aliinuka akaenda getini kumfungulia mgeni.

Kidawa hakufikiri tena. Alipitisha kucha chini ya nta. Ilikuwa imelainika kwa joto, ikatoka vipande, muhuri wa Wenye Kioo ukaanguka sakafuni ukageuka chini juu. Kifuniko kikadondoka. Akakishika kinywa kwa mikono miwili.

"Karibu!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotarajia, ng'ombe nje wakainua vichwa. "Karibu ndani! Karibu!" Kisha kwa lugha ya Chuma, haraka haraka, maana chombo hakisimami: "Hapa ni Sikio, kwenye uwanda wa mawe meupe. Cheupe unachokiona ni sisi. Uko juu yetu hasa, sasa hivi, juu ya kichwa changu. Tumekusikia. Nisamehe kuchelewa. Karibu."

Kukawa kimya, kiasi cha mtu kuvua viatu.

"Nishakaribia," ikasema sauti.

Kisha ukamwagika mchele, mwingi, na chombo kikaenda upande wa pili wa dunia.

Machano alimkuta amekaa hivyohivyo, kinywa mikononi, vipande vya nta mapajani. Alisimama mlangoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona nyumba yake inaungua na hajaamua akimbilie ndoo au watoto.

"Umefanya nini, Bi Kidawa? Umefanya nini? Ilikuwa ya pili! Si tulikubaliana?"

"Asubuhi ulipokwenda getini, ulisikia nini?"

"Getini? Nini tena getini? Kuna muhuri umevunjika hapa, weye unaniuliza habari za..."

"Ulinyanyuka kwa sababu gani, Bwana Machano? Ulisikia nini?"

Machano akafungua mdomo. Alitazama meza, akatazama vidude, akatazama mlango wa kuelekea getini. Kidawa alimwona anatembea kwa macho ile njia yake ya asubuhi, hatua kwa hatua, mpaka alipofika kwa wale ng'ombe.

"Hodi," akasema taratibu. "Nilisikia hodi. Nikasema karibu, nikatoka." Akakaa juu ya sanduku. "Lahaula. Nilisema karibu, Bi Kidawa. Nilisema kwa kinywa changu. Nikaenda kumwambia ng'ombe."

Walingoja pamoja. Saa moja na nusu ni muda mdogo kwa mwenye shughuli. Kivuli cha Sikio kilitoka mlangoni kikafika kwenye birika la maji, kikafika kwenye ukuta. Kidawa alivaa kidude kimoja, Machano kingine, vichwa vyao vikagusana, nao walikuwa watu ambao kwa miaka sita hawakuwahi hata kupeana mikono. Saa ikafika. Ikapita. Mchele tu. Wakaongeza nusu saa nyingine, kwa kujipa moyo. Mchele tu.

Aliyeshuka hupotea angani, na aliyekwenda moja kwa moja hupotea angani vilevile. Sikio haliwezi kutofautisha. Machano akafungua redio. Wenye Chuma walisema chombo chenye mchanga kimemaliza kazi yake. Wenye Kioo walisema wamefuatilia kwa makini chombo chenye mchanga. Kwa mara ya kwanza tangu waanze ugomvi wao, wakubwa wawili walikuwa wamekubaliana juu ya kitu kimoja, nacho kilikuwa kwamba mtu yule hakuwapo.

"Gari la Kioo litafika kesho," Machano akasema. "Ukitaka kuondoka leo, sitakuona."

"Niende wapi?"

Machano akavuta daftari. Kidawa alidhani atachana ukurasa, kwani ndivyo sheria ilivyotaka, na alikuwa ameshageuza uso asione. Machano akalamba ncha ya kalamu. Kwenye mstari wa asubuhi akakata lile neno lake, Kimya, akaandika juu yake kwa mwandiko wa kujikaza: Hodi ya kwanza. Nilisikia mimi. Akajaza ya pili. Akajaza ya tatu. Pembeni ya ya tatu akaandika: Amekaribishwa. Kisha akafungua kifungo cha juu cha shati, cha kwanza kufunguliwa humo kibandani.

"Hapa kwenye jina niweke nini? Wa Nane?"

"Acha wazi. Atalisema mwenyewe akishakaa."

Machano akatikisa kichwa kukubali. Alifunga daftari, akasita. "Lile neno alilojibu. Nishakaribia. Ulimfundisha yule mgeni wa Chuma?"

"Kengele ililia kabla."

"Sasa nani amemfundisha?"

Kidawa alikuwa amejiuliza hilo tangu sauti ilipotamka, na alijua linakoelekea. Neno lile halisomwi kwenye karatasi, huchukuliwa milangoni kwa watu, na mwanamume yule hakulisoma. Huko kwa Wenye Chuma palikuwa na watu wengi waliovuliwa majina. Alitaka awe Ameir. Na alitaka vilevile asiwe yeye, maana kama ni yeye basi mumewe amemwita kutoka mbali kiasi kile, na Kidawa amemkoholea tena. Alisema hajui. Ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli nzito kuliko zote alizowahi kubeba.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Alifungua mlango akauacha wazi. Akachota mchele, akachukua ungo, akakaa pale anapokaa kila siku, katikati ya chumba. Aliokota jiwe la kwanza. Akaliangalia.

Kisha akanyanyuka. Akakunja mkeka, akautia kwapani, akabeba ungo kichwani, akapita sebuleni, akapita uani, akaenda mpaka uzioni, pale Bi Jokha alipokuwa akianika nguo siku ile, na akautandika hapo. Bi Jokha akachungulia kutoka kwake.

"Kidawa, mbona umekaa juani? Unamngoja nani?"

"Yeyote atakayekuja," Kidawa akasema, akaendelea kuchambua mchele.